Nani Alipasha Chungu

Makoko, Musoma
8 Septemba 2024

Kaka Clementi,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini uko salama, na wifi Jeska yuko salama, na yule ng'ombe mweupe aliyekuwa anachechemea sasa anatembea kama ng'ombe wa watu. Mimi sijambo, isipokuwa goti. Tangu wanipasue mwezi wa sita, daktari amenikataza ngazi, amenikataza jembe, amenikataza hata kupiga magoti kanisani. Nasali nimekaa kama askofu.

Naandika kwa sababu kukupigia simu ni kazi bure. Mara ya mwisho nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki, na wewe ukanijibu, "Mihogo tumeshavuna." Masikio yako umeyaacha juu ya fuawe kwa kugonga chuma miaka arobaini. Basi tuandikiane kama zamani, Fred wa Hiace atatubebea.

Sasa sikiliza. Binti yangu Flora alikuja kutoka Bunda kuniuguza, akaniona nimekaa kitini siku nzima nahesabu korongo ufukweni. Akaniwekea gemu kwenye simu. Linachezwa na watu wa dunia nzima kwa wakati mmoja, na kila mtu anachagua kazi. Wapo wakulima, wapo wapiganaji. Mimi, mtoto wa mzee Keraryo mhunzi, ulifikiri nitachagua nini? Nimechagua uhunzi, na ndani ya uhunzi nimechagua aloi, yaani kuchanganya metali. Jina langu humo ni Nyundo ya Makoko. Kila ukiyeyusha na kumwaga vizuri unapata alama, alama zikijaa unapanda leveli. Nimeanza na moja, leo niko thelathini na moja. Wenzangu wa chama chetu humo, mmoja Mbrazili na wengine Waturuki, wananisubiri nifike tisini niwatengenezee mapanga.

Ila shaba na bati vinanisumbua. Nikimwaga mara kumi, tatu zinaharibika. Wewe hujawahi kuharibu tatu katika kumi, kwa hiyo nifundishe.

Na usianze kuniambia kwamba kwetu mwanamke havuki jiwe la mlangoni metali ikiwa motoni. Tanuru hili liko kwenye simu, halina mlango.

Jambo la mwisho nalisema waziwazi. Nimesikia mwanao Yusto ameshasema hatarudi kushika nyundo, na wewe unafikiria kuwapa watu wa vyuma chakavu fuawe la baba. Usithubutu. Ukichoka, kibanda cha uhunzi nakitaka mimi.

Mdogo wako,
Matrida


Butiama
30 Septemba 2024

Mdogo wangu Matrida,

Milele amina. Barua yako imekaa siku tisa kwenye gari la Fred chini ya kiti, gari likiwa limekufa gia. Sisi ni wazima. Ng'ombe mweupe tumemuuza kabla hajabadili mawazo. Mvua za vuli bado, ulezi unasubiri.

Nimesoma habari zako za uhunzi wa kidole. Nimecheka mpaka Jeska akaja kutazama kama nimepaliwa. Kuishi kwingi kuona mengi. Mhunzi asiyenuka moshi, asiye na kovu hata moja!

Lakini nitakujibu, kwa sababu sipendi ukoo wetu uaibishwe mbele ya Waturuki. Unaharibu kwa sababu unatia bati pamoja na shaba mwanzoni. Nani alikufundisha hivyo? Bati ni jepesi, linaungua na kupotea wakati shaba bado inajinyoosha. Shaba iyeyuke kwanza, yote, itulie. Bati liingie mwisho, ukiwa umebakiza kidogo tu kumwaga. Halafu koroga kwa fimbo mbichi ya mpera. Mbichi, siyo kavu. Utaona inachemka na kutoa uchafu, na mavi ya chuma yanapanda juu unayakusanya. Kama hilo gemu halina mpera, basi ni gemu la watu wasiojua kitu.

Kuhusu fuawe, ni langu, nitaamua mimi. Kuhusu kibanda, wewe mwenyewe unajua. Au siku ya chungu umeisahau?

Kaka yako,
Clementi Keraryo


Makoko
14 Oktoba 2024

Kaka,

Tumsifu. Leo ni sikukuu ya taifa, najua huko kwenu magari ni mengi na wageni wa tai wamejaa. Sisi huku tumelala. Goti linakunjika mpaka nusu. Flora amerudi Bunda shuleni kwake, ameniachia dagaa wa kukaanga na maneno mengi kuhusu mafuta na chumvi.

Nimetia bati mwisho. Kaka, nakupa heshima yako: sasa naharibu moja tu katika kumi, na leveli ni arobaini na nne. Mpera hawana, lakini kuna fimbo ya mti wao fulani ambayo wengi wanaitupa wakidhani ni kuni. Niliichovya nikapata alama za ziada. Mturuki aliniuliza nimejuaje. Nikamwambia nina kaka.

Na kuna jambo ambalo hata wewe utalipenda. Gemu lina kipimo cha joto pembeni, mshale unaopanda. Ukitaka unaweza kukizima, ukabaki na macho yako tu na rangi ya metali, na hapo alama zinakuwa mara mbili. Wengi wanaogopa. Mimi nimekizima. Nimesimama miaka ishirini na miwili kwenye kiwanda cha samaki nikikagua minofu ya sangara, upi umeanza kupauka, upi bado, na mikanda haikusubiri mtu. Rangi hainidanganyi.

Sasa umeitaja siku ya chungu, na mimi sijaisahau hata kidogo. Nilikuwa na miaka kumi. Mama alinipa uji niwaletee. Nilivuka lile jiwe hatua moja, moja tu, chungu kikapasuka, shaba yote ya kengele ya kanisa ikamwagika majivuni. Baba alinifukuza na koleo mkononi. Mpaka naolewa watu wananiita Matrida wa Chungu. Kwenye arusi yangu kuna mama alikataa nisimshikie sahani. Nilikuwa nacheka, lakini iliniuma, kaka, na bado inauma.

Tuache hayo. Nina swali la kazi. Vyungu vyangu vya kuyeyushia vinapasuka sana tangu nifike leveli arobaini. Kwa nini?

Matrida


Butiama
5 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Milele amina. Mvua imeanza, tunashukuru. Jeska anakusalimu, anasema dagaa unazokula peke yako zitakushitaki kwa Mungu.

Chungu. Hapo umeuliza jambo la maana, kwa hiyo kaa usome taratibu.

Chungu ni kama mtoto anayetolewa usingizini, hutakiwi kumshtua. Asubuhi na mapema, kabla hujagusa kitu kingine, kiweke kando ya moto, kimeinamishwa mdomo chini. Kiache kivute joto. Kila baada ya muda kisogeze kidogo, na kigeuze. Ukikigusa na nyasi kavu zikatoa moshi, kinakaribia. Ndipo kiingie katikati. Ni kazi ya saa mbili au tatu, inategemea unyevu. Ukikiingiza kwenye moto mkali kingali baridi, kitasimama vizuri, kitakudanganya, utatia shaba, shaba itayeyuka, utafurahi, halafu kitapasuka. Hakuna dawa, hakuna sala, hakuna mtu wa kulaumu isipokuwa aliyepewa kazi ya kukipasha. Baba alikuwa akisema, chungu hakina mkosi, kina mvivu. Nimewafundisha hivyo vijana wote waliopita hapa.

Habari nyingine. Kengele ya kigango chetu imepata ufa. Ndiyo ile ile aliyoimwaga na kuisubu baba mara ya pili, baada ya chungu kupasuka. Sasa ikigongwa inalia kama sufuria, ndivyo wanavyosema, mimi siwezi kuwa shahidi. Katekista Nicolaus na wazee wameniletea niiyeyushe na kuisubu upya. Somo wetu ni Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, kwa hiyo wanaitaka tarehe moja Mei, Askofu atakuwepo. Nimewaambia kengele moja siyo kazi ya kumnyima mtu usingizi.

Clementi


Makoko
17 Novemba 2024

Kaka,

Salamu kwa wote. Vyungu havipasuki tena. Gemu lina sehemu ya kukisogeza chungu kidogo kidogo, ilikuwa inanichosha nikawa nairuka. Leveli hamsini na nane.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya pili nilikaa kitako.

Siku ile nilileta uji jua likiwa limeshapanda. Baba hakuwepo kibandani tangu asubuhi, alikuwa kwenye mashamba ya mapera akitafuta fimbo, na alirudi akanipita njiani. Uliyekuwepo ni wewe, una miaka kumi na sita.

Kazi ya kupasha chungu ilikuwa ya nani?

Matrida


Makoko
19 Desemba 2024

Kaka Clementi,

Heri ya Noeli kabla haijafika. Mwezi umepita hujajibu. Fred ameapa kwa mama yake kwamba barua alikupa mkononi, ukaisoma umesimama hapo hapo barabarani, ukaikunja mara nne. Kwa hiyo najua unayo.

Sitakugombeza kwenye sikukuu. Nimempa Fred samaki, sato watatu wakavu, na kilo mbili za mchele wa Bunda. Mpe Jeska, siyo wewe, wewe utawaalika wazee wote wa kigango. Goti limepona. Jumapili nilipiga magoti tangu Baba Yetu mpaka mwisho, kwa makusudi kabisa, watu waone.

Leveli sitini na saba. Kuanzia hapa wanakupa rangi zinazokaribiana sana, mwenye haraka anashindwa. Wengi wamerudi kwenye kipimo. Mimi sijarudi. Kila siku baada ya chai ya asubuhi namwaga mara hamsini, najisikia kama mtu mwenye kazi.

Swali langu halijafutika. Nimeliweka juu ya kabati, linasubiri.

Matrida


Butiama
4 Februari 2025

Mdogo wangu Matrida,

Milele amina. Mwandiko huu ni wa Jeska, usishangae. Mikono yangu ina masizi, sitaki kuchafua karatasi. Sisi ni wazima. Jua ni kali, mihogo inasinyaa. Sato walifika, wazee wa kigango wanashukuru.

Kazi ya kengele inaendelea vizuri sana. Hakuna tatizo lolote.

Nilitaka kuuliza kitu kidogo, nicheke tu. Kwenye hilo gemu lako, shaba ikiwa tayari kumwagwa, wanaionyesha rangi gani? Nataka kujua kama watu wa huko wanaelewa au wanabahatisha. Ukiwa na nafasi uniandikie kwa kirefu. Hata leo leo.

Clementi

Wifi, hapa chini ni mimi Jeska mwenyewe, yeye amelala. Hakuna vizuri. Ameshamwaga mara mbili. Ya kwanza iligandia njiani, kengele ikatoka haina mdomo. Ya pili imetoka na matundu kama mandazi. Zote mbili kazivunja, kafunika na gunia, Nicolaus akija anaambiwa kalibu ya udongo bado inakauka. Wifi, huyu mtu haoni rangi. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, tulienda hospitali mwezi wa kumi na moja wakatupa tarehe ya upasuaji mwezi wa sita. Hajamwambia hata Yusto. Ananiambia, "Mimi kuwa kiziwi walinizoea, wakisikia na macho nitakuwa nani?" Na ile barua yako ya mwezi wa kumi na moja anatembea nayo mfukoni, imechakaa kama noti. Sijui umemwambia nini. Usimwambie nimeandika.


Makoko
9 Februari 2025

Kaka Clementi,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako imefika jana na leo najibu, Fred nimemzuia stendi na mkono mlangoni.

Umeuliza rangi. Nitakuambia ninavyoiona mimi, mtu wa leveli ya sabini na sita, ambaye amemwaga karibu mara elfu sita bila kipimo.

Kwanza shaba inakuwa nyekundu kama tofali lililoiva. Hapo bado ni jiwe. Halafu inalainika kingo, inakuwa kama papai lililokatwa. Wengi humwaga hapo kwa kuwa imeshakuwa maji, ndiyo maana inagandia njiani. Ukiiacha izidi mpaka inakaribia weupe, imekunywa hewa, itatoka na matundu. Katikati ya hapo, baada ya papai, kuna rangi ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji, na moto pembeni unaingia ukijani. Uso wa shaba unaacha kutetemeka, unang'aa. Hapo ndipo bati linaingia, na ukishakoroga unamwaga, hakuna kwenda kunywa maji.

Lakini haisemeki yote kwenye karatasi. Kati ya papai na kiini cha yai kuna pumzi tatu au nne, anayezijua ni jicho lililopo pale pale. Wewe unalijua hilo kuliko mimi. Sijui kwa nini umeniuliza, na wala sikuulizi.

Nina macho mazuri na goti zima. Nauli ya Butiama sina haja ya kuazima. Ninachokosa ni kitu kimoja. Kwenye kibanda kile nilifukuzwa mbele ya watu, kwa hiyo siingii tena kwa kujipenyeza kama mbuzi. Niite. Uniite kwa mkono wako mwenyewe, hata kama una masizi.

Na swali langu nimelishusha kutoka kabatini.

Matrida


Butiama
23 Machi 2025

MATRIDA,

NAANDIKA HERUFI KUBWA KWA SABABU NDOGO SIZIONI. NIMEANZA KARATASI HII MARA TANO.

CHUNGU NILIPEWA MIMI. BABA ALINIAMBIA NIKIPASHE TANGU ALFAJIRI. NILILALA. ALIPOONDOKA NILIAMKA NIKAKIINGIZA KWENYE MOTO KIKIWA BARIDI, NIKATIA SHABA. NILIJUA. WEWE ULIPOVUKA JIWE NILIKUWA NIMEKAA NASUBIRI KIPASUKE, NAOMBA MUNGU. KIKAPASUKA. BABA AKAKUTAZAMA WEWE, MIMI NIKANYAMAZA.

NIMENYAMAZA MIAKA ARUBAINI NA NANE. NIMEWAFUNDISHA WATU KWAMBA CHUNGU KINA MVIVU, NA MVIVU NI MIMI. NINAONA AIBU, MDOGO WANGU. NISAMEHE.

MACHO YAMEKWISHA. JESKA NAJUA ALIKUAMBIA, HAJUI KUFICHA.

JUMAMOSI KABLA YA JUMAPILI YA MATAWI, TAREHE KUMI NA MBILI MWEZI WA NNE, NINAMWAGA KWA MARA YA MWISHO. NJOO. VAA VIATU VYA NGOZI NA NGUO YA PAMBA, SIYO NAILONI, CHECHE ZINASHIKA. PITA MLANGO WA MBELE.

CLEMENTI


Makoko
4 Mei 2025

Kaka yangu Clementi,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimefika salama, mihogo yote imefika salama, na Flora amenipigia kutoka Bunda kusema picha yangu na Askofu imeshazunguka kwenye simu za walimu wote.

Wewe ulikuwepo siku zote mbili, ya kumwaga na ya sikukuu, lakini kuna vitu hukuviona na vitu hukuvisikia. Ni haki yako uambiwe.

Kwanza, nilipofika kwenye lile jiwe la mlangoni, nilisimama. Ulidhani goti. Halikuwa goti. Nilikuwa na miaka kumi tena, nilisikia hata uzito wa kibuyu cha uji. Halafu nikaona chungu kando ya moto, mdomo chini, na majivu pembeni yanaonyesha kimesogezwa mara nyingi, na macho yako mekundu. Jeska aliniambia ulikaa nacho tangu saa kumi alfajiri. Ndipo nikavuka.

Pili, Nicolaus. Aliposikia wanawake wawili wako ndani, mmoja anavukuta mivukuto kupuliza moto na mwingine anatazama shaba, na mmoja wao ni Matrida wa Chungu, alibaki nje na chupa ya maji ya baraka. Jeska akamwambia, "Katekista, baki hapo hapo, ukimwaga maji hayo humu ndani shaba italipuka, ndiyo tutakufa kweli." Wewe hukusikia, lakini yule mtu alirudi nyuma mpaka kwenye zizi.

Tatu, na hili nilikuwa nakuficha. Niliogopa. Kwenye simu hakuna moshi. Hakuna joto linalokausha kope, hakuna machozi. Tulikubaliana nikikubana bega mara moja utie bati, mara mbili umwage. Nikaona tofali, sawa. Nikaona papai, sawa. Halafu moshi ukageuka ukanipiga usoni nikapoteza. Nilipofungua macho sikujua niko wapi. Mkono wangu ulikuwa juu ya bega lako, nikausikia mwili wako umetulia kabisa, kama mtu anayesubiri basi. Wewe ambaye hujawahi kumwamini hata Fred na barua. Nikajiambia, Matrida, usiwe na haraka, wenye haraka wanarudi kwenye kipimo. Nikapangusa macho. Papai. Papai. Papai. Halafu ikaja, kiini cha yai, na ukijani pembeni, uso umetulia, na haikufanana na kwenye simu, ilikuwa nzuri zaidi. Nikabana. Ukatia bati, ukakoroga. Nikabana mara mbili.

Nne, sauti. Hii ndiyo hasa iliyonikalisha kitini kukuandikia. Siku ya Yosefu, Nicolaus alivuta kamba mara ya kwanza. Kaka, siyo sauti ya ile ya baba. Ya baba ilikuwa kali, inakimbia. Hii ni nene, inaanza chini kifuani, halafu inapanda, halafu haiishi. Nilihesabu mpaka kumi na saba bado inavuma. Mama mmoja nyuma yangu alisema, "Hii imesubiwaga na nani?" Mwenzake akamwambia, "Keraryo." Nikageuka nikamwambia, "Keraryo wawili."

Nimekusamehe. Nilitaka nikuambie pale pale, lakini ningepiga kelele mpaka Askofu asikie.

Leveli imesimama kwenye themanini na tatu. Wiki tatu sijagusa simu, Waturuki wananitafuta. Nimewaambia nilikuwa kazini.

Mdogo wako,
Matrida


Butiama
20 Mei 2025

Mdogo wangu,

Milele amina. Jeska anaandika, na safari hii sidanganyi habari za masizi. Upasuaji ni tarehe tisa mwezi wa sita, jicho la kulia kwanza. Yusto nimemwambia. Alilia kwenye simu, Jeska ndiye aliyemsikia.

Nimesomewa barua yako mara tatu. Na mimi nikuambie nilichopata. Watu walipotoka kwenda kula, nilimwomba Nicolaus avute kamba tena. Niliweka kiganja juu ya kengele. Ilipanda mkono wote mpaka kwenye meno. Na mimi nilihesabu. Ilifika kumi na tisa.

Sasa kuna kazi. Jumatatu walikuja watu kutoka kigango kimoja cha njia ya Kiabakari. Nao wana kengele yenye ufa, waliisikia yetu siku ya somo. Wakaniuliza kama mhunzi anaweza kuwafanyia. Nikawaambia mhunzi hayupo, yuko Makoko, mimi hapa ni mtu wa kutia bati na kukoroga. Walicheka, wakadhani mzee anatania. Sikucheka. Nikawaambia wamwandikie yeye, akikubali ndiyo waniletee kengele. Watakuja na barua, usiwape shida sana, ni watu wazuri.

Fuawe la baba halitoki. Wale wa vyuma chakavu nimewafukuza na koleo.

Ukipanga Jumamosi yako, unitumie salamu kwa Fred siku mbili kabla. Chungu nitakuwa nimekipasha mimi, tangu alfajiri.

Kaka yako,
Clementi